Mwaka wa Kumpima Bi Rukia

Mzee Athman alizikwa Ijumaa. Habari nilizipata kwa ujumbe wa simu nikiwa kazini katika zahanati ya Marereni, nimekishika kisigino cha mfanyakazi wa mashamba ya chumvi, kimepasuka mpaka ndani. Nilimaliza kukisafisha, nikakifunga bendeji, nikamwomba mwenzangu anishikie zamu, nikashuka Malindi. Nyumba yake ya mtaa wa Shella ilikuwa imejaa wanawake, mikeka imetandikwa kutoka ukumbini hadi uani, na aliyenipokea mlangoni alinipa mkono wa ncha za vidole tu. Sikushangaa. Nilijitanda leso, nikaketi chini ya ngazi, nikasikiliza kisomo ambacho maana yake siijui lakini sauti yake naijua vizuri, kwa sababu niliwahi kuishi juu ya sauti hizo, katika chumba cha ghorofani cha nyumba hiyo hiyo. Wakati huo nilikuwa sijafika miaka arobaini, na nilijiona bado kijana. Sasa nina mvi, na vijana wa zahanati huniita mama. Wakiniuliza nilijifunzia wapi kazi hii, huwatajia chuo cha uuguzi nilichosoma bara, maana ndilo jibu wanalolingojea. Lakini kazi yenyewe nilijifunza mwaka ule mmoja, Shella, kwa mwanamke mmoja, na sijawahi kumhadithia mtu yeyote habari zake.

Chumba changu kilikuwa kimepakwa rangi ya kijani iliyobanduka kwa unyevu wa bahari. Kulikuwa na kitanda, meza, kiti kimoja, na feni iliyogonga kila ilipozunguka. Dirisha lilitazama uani, ambako Bi Rukia alikuwa na jiko lake. Nilikipanga kwa ajili ya mtandao, kwa sababu Marereni mtandao ulikuja na kuondoka upendavyo. Nilikuwa nimejiandikisha katika chuo cha ng'ambo kinachofundisha kwa kompyuta, nikisomea uuguzi wa juu wa afya ya familia. Muuguzi wa aina hiyo humpima mgonjwa mwenyewe, huutambua ugonjwa na kuandika dawa, kuanzia mtoto mchanga hadi ajuza. Sikukimbilia cheo. Zahanatini kwetu tabibu alikuwa akija siku moja moja, na siku nyingine zote tabibu nilikuwa mimi. Watu wa chumvi walikuja na macho mekundu, na vidonda visivyofunga, na vifua vinavyolia, nami nikaamua kwa kukisia, kisha nikalala nikifikiria nilichoamua. Nilitaka nifundishwe lile nililokuwa nalifanya tayari. Niseme mapema lilivyokwisha ili mtu asingojee: cheti nilikipata. Nilikipeleka ofisini wanakosajili vyeti vya watu wa kazi yetu, na mtumishi mmoja mpole akanieleza kwamba cheo hicho, wakati ule, hakikuwamo katika vyeo vinavyotambuliwa hapa nchini, akanishauri nikihifadhi vizuri. Nimekihifadhi vizuri.

Bi Rukia alikuwa mpishi wa harusi. Asili yake Pate, mrefu, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyekoroga masufuria ya pilau tangu usichana, na umri wake ulinizidi kwa miaka kumi na kitu. Mimi natoka Ukambani na jina langu, Mueni, kwetu maana yake ni mgeni. Alipojua hivyo alicheka akasema kumbe hata nikikaa miaka mia nitabaki mgeni wake, basi itabidi anilishe miaka mia. Kiswahili changu kilikuwa cha bara, kifupi na cha kukata. Nikimwambia "leta chumvi," alikuwa akinitazama tu mpaka niseme "nipe chumvi tafadhali, Bi Rukia." Hiki ninachoandikia leo nilikipata jikoni mwake, nikikuna nazi. Alipika mahamri na mbaazi asubuhi, wali na samaki wa kupaka mchana, na siku za harusi alirudi na sahani iliyofunikwa kawa, ndani yake biriani iliyobaki, akaniletea juu mwenyewe. Alikuwa akikaa kitandani kwangu na kunitazama nikila. Yeye hakula. Alisema mpishi hushiba kwa harufu, na mimi, kama watu wote wa nyumba ile, nililichukua hilo kuwa ni mzaha wa kazi yake.

Mumewe, Mzee Athman, alikuwa fundi wa friji na mitambo ya barafu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kila jioni alisikiliza taarifa ya habari akiwa amesimama, kana kwamba anaweza kuitwa wakati wowote. Binti yao, Zuhura, alikuwa akifanya kazi Mtwapa kwenye duka la vipodozi, amepanga chumba huko, na alirudi nyumbani kila alipopata likizo. Wengine walikuwa ni majirani na mawifi, wanaoingia na kutoka, na ambao kwao nilikuwa "yule nesi wa juu, anayesoma kwenye kompyuta." Walisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesema fulani anafuga njiwa.

Zoezi kubwa la muhula ule lilikuwa kumpima mtu mzima kuanzia kichwani hadi vidole vya miguu, mbele ya kamera, nikitaja kwa Kiingereza kila ninachogusa na ninachoona, kisha kuipeleka video kwa mwalimu. Mwalimu wangu alikuwa mama mmoja wa huko ng'ambo aitwaye Doreen, mwenye sauti nzuri na subira, ambaye sikuwahi kumwona ila mabega na kichwa. Wenzangu darasani walipima waume zao na dada zao. Mimi nilikuwa peke yangu. Nilipomtajia Bi Rukia shida hiyo, alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso.

"Wamtafuta mtu wa kumpima, nami niko hapa nina mwili mzima?"

"Utapigwa picha, Bi Rukia. Wataiona watu wa mbali."

"Wataona nini? Shingo na miguu. Hata muuza samaki huona shingo yangu." Akapepeta ungo. "Lakini kila utakachosema kwa Kizungu, nitafsirie. Mwili ni wangu."

Tulifanya Jumapili alasiri, Mzee Athman akiwa msikitini. Niliisimamisha simu juu ya sufuria iliyopinduliwa, Bi Rukia akakaa kitini mwangu amevaa dera jepesi, ameoga, amepaka hata wanja. Nilianza na kichwa. Nikasema kwa Kiingereza kuwa nywele hazina tatizo, kisha kwa Kiswahili, naye akasema alhamdulillahi. Nikatazama macho, masikio, ulimi. Kila nilipotafsiri alijibu, na nilijua video ile ingekuwa ndefu kuliko walivyotaka, lakini tulikuwa tumefurahi. Nikashika shingo. Vidole vikapita nyuma ya masikio, chini ya taya, vikashuka upande wa kulia, hakuna kitu. Nikaja kushoto, kwenye kile kibonde kilicho juu ya mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo. Pale vidole vyangu vikakutana na kitu kidogo, kigumu kama kokwa ya tende. Nilijaribu kukisogeza. Hakikusogea. Nilikuwa nimeisoma sura hiyo wiki ile ile, na kitabu kilisema wazi uvimbe wa mahali pale, upande ule, hutoka wapi. Nikataja kwa Kiingereza nilichokigusa, kwa sababu mdomo ulikuwa umeshazoea kutaja.

"Hiyo hukunitafsiria," akasema Bi Rukia.

"Nimesema kuna uvimbe hapa."

Akapeleka mkono wake, akaugusa. "Hiki? Nimekiona. Hakiumi."

"Najua hakiumi."

"Si afadhali basi, kisichouma?"

"Si afadhali, Bi Rukia." Nikaizima simu, nikakaa kitandani mbele yake. "Chakula kinapita?"

"Chapita. Nyama ndiyo yakwama. Na mkate. Naushushia kwa maji." Akatazama dirishani. "Tangu Ramadhani. Wali nao sasa waanza."

Nilimwambia siku ile ile. Sikumwambia kila kitu, kwa sababu sikuwa na kipimo mkononi, lakini nilimwambia ninachokihofia na kwa nini nakihofia, na kwamba twende Mombasa upesi. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayepewa maelekezo ya njia. Kisha akauliza kama lile zoezi limeharibika, kwa kuwa nimeizima simu kabla ya kufika miguuni.

Hospitalini Mombasa walimwingiza kamera kooni, wakampiga picha za kifua na tumbo, wakatuambia turudi. Tuliporudi, Mzee Athman alikuja nasi, lakini adhuhuri ilipoadhiniwa alikwenda kuswali, na jina la Bi Rukia likaitwa akiwa hayupo. Daktari alikuwa msichana, pengine mdogo kuliko Zuhura kwa sura, na macho yake yalikuwa yamechoka. Alipojua mimi ni muuguzi alinigeukia, akaanza kunieleza kwa Kiingereza. Alieleza vizuri. Sina lawama naye. Bi Rukia alikaa katikati yetu, mkoba juu ya magoti, akimtazama huyu kisha huyu. Daktari alipomaliza, aliniwekea mkono begani.

"Nitafsirie," akasema Bi Rukia.

Nikamtafsiria. Nikamwambia ni saratani ya njia ya chakula. Nikamwambia imeshatoka ilipoanzia, na kile cha shingoni ni mtoto wake. Hawawezi kukata. Wataweka kibomba cha kuitanua njia ili anywe uji na supu.

"Ya kupona?"

"Hapana, Bi Rukia."

Aliufungua mkoba, akaufunga. "Mshukuru mwambie ahsante," akasema. "Kisha tutoke, Athman asijekuja akatukuta na nyuso hizi."

Nimekaa na wagonjwa wengi tangu siku ile, na nimewapa habari nyingi za aina hiyo. Watu hudhani tunazoea. Ninachojua ni kwamba mwaka ule wote nilikuwa nikisoma jioni mihadhara ya namna ya kumpa mgonjwa habari mbaya, na Doreen alituandikia hatua za kufuata, na zilikuwa hatua nzuri, na hata moja haikunieleza la kufanya baada ya mgonjwa kushuka ngazi, kuvaa viatu na kwenda nyumbani kupika.

Jioni ya siku hiyo nilikuwa nimejilaza, dirisha wazi kwa sababu ya joto. Uani Bi Rukia alikuwa akimwagia maji mkaa. Nikamsikia Mzee Athman akimwuliza, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida.

"Na Mueni asemaje? Yeye amewasikia kwa Kizungu chao."

"Mueni asema nitapona," akajibu Bi Rukia. "Asema ni kidonda cha koo. Wataweka kijibomba, kidonda kitakauka, watakitoa. Asema amekisoma kitabuni, wenye hiki hupona wengi."

"Amesema hivyo?"

"Kwa mdomo wake."

Nilisikia Mzee akivuta kiti, akikaa. Kisha nikamsikia akilia, kilio cha mtu aliyeondolewa mzigo, na Bi Rukia akimbembeleza, akimwambia aache, majirani wanasikia.

Asubuhi nilishuka mapema. Alikuwa anakanda unga wa mahamri, mikono imezama mpaka viwiko, na mishipa ya shingo imemtoka. Sikumsalimia vizuri.

"Kwa nini umemwambia mimi nimesema?"

Hakujifanya hajui. "Nikisema mimi haamini. Mimi si msomi."

"Lakini si kweli."

"Najua si kweli. Nilikuwapo." Akaukunja unga, akaupiga. "Sikiliza, Mueni. Mimi namjua Athman. Mama yake alipougua, hakula mpaka akaanguka kazini. Akijua, atakaa hapo kwenye kiti ananitazama, mchana na jioni, nami nitakufa nikitazamwa. Mwache ale. Mwache aende kazini. Nataka nyumba iwe nyumba mpaka hapo itakapofika."

"Na baadaye?"

"Baadaye mimi sitakuwapo," akasema. "Hiyo nakuachia wewe." Kisha, kwa sauti nyingine, akaniambia nisogeze ule ungo, mikono yake ina unga.

Nilikuwa na namna nyingi za kukataa. Katika masomo yangu kulikuwa na sura nzima juu ya haki ya mgonjwa kuamua nani aambiwe nini, na kwa sura hiyo Bi Rukia alikuwa na haki. Lakini sura hiyo haikusema kitu juu ya jina langu. Kuanzia siku ile Mzee Athman aliacha kuniita Mueni, akaniita daktari. Aliitengeneza feni yangu isigonge tena. Aliniletea maembe, aliniletea kipande cha nguru bila miiba, na kila asubuhi, nikitoka kwenda Marereni, alisimama mlangoni na kuuliza, "Waonaje, daktari, leo amekunywa uji bakuli zima?" Nami nilimwambia kweli, amekunywa bakuli zima. Nilijifunza kuchagua kweli ndogo na kuzisema kwa uso mkunjufu. Hilo pia sikulisoma kwenye kompyuta.

Kibomba kiliwekwa, na kwa muda kilimsaidia. Aliweza kunywa supu ya pweza, uji wa mchele wenye tui, hata tambi zilizopondwa. Mzee aliona hayo ndiyo kupona kwenyewe. Alipopata kazi ya kufunga mitambo ya barafu Lamu, kazi kubwa ya muda mrefu, alisita, na Bi Rukia ndiye aliyemfungia nguo. Nilimvuta Bi Rukia kando jikoni nikamwambia hilo siwezi kulinyamazia, amzuie asiende au amweleze kabla hajaondoka, kwa kuwa siku zilizobaki ni za kuhesabika. Akanitazama kwa hasira ambayo sikuwa nimeiona kwake.

"Wewe wadhani mimi sitaki akae?" akasema. "Namtaka kuliko unavyojua. Ndiyo maana namtuma."

Mzee akaenda Lamu. Alipiga simu kila baada ya magharibi, na Bi Rukia alizungumza naye akiwa amekaa wima, sauti nzima, akimhadithia alichopika. Akishakata simu alijilaza chini palepale mkekani.

Video yangu ya kwanza ilirudi na maksi za chini. Doreen aliandika kwa upole kwamba nimekatiza zoezi katikati, nimetumia lugha isiyo ya kozi, na zaidi ya yote, zoezi lilihitaji mtu mwenye afya, kwa sababu shabaha ni kuonyesha kwamba najua hali ya kawaida ilivyo. Alisema amesikitika kwa rafiki yangu. Akaniomba nirudie na mtu mwingine. Nilimweleza Bi Rukia.

"Wamenikataa?"

"Hawakukukataa. Wanataka mtu mzima wa afya."

"Waambie hii ni nyumba yangu, na wewe ni mgeni wangu, na hapa hapana mwili mwingine." Akacheka, kisha akakohoa, nikamshika mgongo mpaka kikohozi kilipopita. "Basi usipige picha. Lakini jifunze. Kuna faida gani kuwa na ugonjwa nyumbani, na mwanafunzi nyumbani, kisha mwanafunzi asijifunze?"

Kwa hiyo kila Jumapili alasiri, bila simu, nilimpima. Nilijifunza kusikiliza pafu linapoanza kujaa maji chini. Nilijifunza ini linavyoshuka polepole chini ya mbavu, nikiligusa wiki hii hapa, wiki ijayo chini kidogo. Nilikuwa nikimwambia nilichokuta, kwa Kiswahili tu sasa, naye alitaka kujua kila kitu kama mtu anayefuatilia ujenzi wa nyumba ya jirani. Mwili wake ulipungua mpaka dera lile jepesi likawa kama la mtu mwingine. Zoezi la chuo nililirudia kwa muuguzi mwenzangu wa Marereni, mwenye shingo nene na afya tele, na nikapata maksi nzuri sana. Nilikuta hakuna kitu, na nikasema hakuna kitu, na Doreen akaandika kuwa anajivunia maendeleo yangu.

Mawifi walimletea mwalimu wa kumsomea, wakamnywesha kombe, maji yaliyooshewa aya, naye aliyanywa kwa heshima, funda moja moja. Nilisikia wakizungumza kwenye ukumbi wakidhani nimetoka. Mmoja alisema mgonjwa anazidi kukonda, na huyu nesi wa kompyuta alisema atapona. Mwingine akasema wasomi wa siku hizi wanajifunzia kwa watu. Nilisimama kwenye ngazi mpaka walipobadilisha mazungumzo, kisha nikashuka nikawaamkia.

Alipokuwa hawezi tena hata uji, alianza kupika zaidi. Zuhura alikuwa ameacha kazi Mtwapa na kurudi, kwa sababu alimwona mama yake kwenye simu ya picha na hakuamini hadithi ya kidonda. Sikumwambia, wala hakuniuliza. Alinitazama tu, na alijua. Bi Rukia alilazwa kitanda cha kamba uani, karibu na jiko, akamwelekeza binti: vitunguu viive mpaka viwe rangi ya ganda la kamba wa baharini, bizari isitangulie, tui zito mwisho. Nyumba ilinukia kama siku ya harusi. Kisha sahani iliwekwa mbele yangu, naye akasema, "Kula nikuone." Nilikula. Nilikula kila siku mbele ya mtu anayekufa kwa njaa, na nilimaliza sahani, kwa sababu nikibakisha aliuliza kama chumvi imepungua. Sijui kama nimewahi kufanya kazi ngumu zaidi ya ile kwa mgonjwa yeyote.

Alifariki asubuhi moja ya msimu wa pepo za kusi, mvua nyembamba ikipiga mabati ya jirani. Zuhura alikuwa ameshika miguu, mimi nimeshika mkono. Nilijua dalili zote kwa mpangilio wake na zilikuja kwa mpangilio wake. Mzee Athman alikuwa amepigiwa simu usiku uliotangulia kwamba hali imebadilika, naye akaondoka Lamu kwa gari la kwanza, lakini alipofika wanawake walikuwa wameshamaliza kumwosha. Alisimama mlangoni na begi lake la vifaa begani. Alimtazama kila mtu mle ndani, na alipofika kwangu alinitazama muda mrefu kuliko wengine, kisha akaenda kutawadha.

Baada ya arobaini alipanda ngazi kuja chumbani kwangu. Hakuwa amewahi kuipanda nikiwa ndani. Alibisha hodi, akakaa kwenye kiti, kofia yake ameivua na kuiweka magotini. Alinieleza kwamba Zuhura sasa amerudi moja kwa moja, kwamba nyumba ni ndogo, kwamba angependa kumpa binti yake chumba hiki ikiwa mimi sitaona vibaya. Nilimwambia sioni vibaya. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta chumba Marereni. Hakuinuka. Alikuwa ameacha kuniita daktari.

"Nina neno moja, Mueni," akasema. "Sitaki kukuudhi."

"Sema, Mzee."

"Siku tuliyorudi kutoka Mombasa, Rukia alinambia kuwa wewe ulisema atapona. Nami nililishika neno hilo. Nilikwenda nalo Lamu. Nilikuwa nikilala huko najisemea, kazi hii itakwisha, yeye atakuwa mzima, tutakaa." Akaigeuza kofia. "Sasa Zuhura asema mama yake alikuwa akijua tangu mwanzo. Nataka kujua tu. Ulisema kweli, au hukusema?"

Feni ilizunguka kimya. Nilimtazama mtu yule, na mikono yake iliyokuwa na makovu ya gesi ya friji. Nikisema sikusema, atajua kwamba mkewe alimfungia nguo kwa mikono yake akamtuma mbali huku akijua kuwa anakufa, na hatakuwa na mtu wa kumwuliza kwa nini, na ninavyomjua hatanisikiliza nikimweleza. Nikisema nilisema, atakuwa na wa kumlaumu, na huyo anahama.

"Nilisema," nikamwambia. "Nilikosea, Mzee. Na Zuhura amekosea pia. Mama yake hakujua. Sisi sote tulidhani atapona."

Alivuta pumzi, akaishusha. Nilingoja anilaani, na nadhani ningefurahi kama angenilaani. Badala yake aliinuka, akavaa kofia yake, akaninyoshea mkono kama mtu mzima anavyomwinua mtoto aliyeanguka.

"Ulikuwa bado wasoma," akasema.

"Ndiyo, Mzee," nikasema. "Nilikuwa bado nasoma."